Gitaa la Kwaya, Nyuzi za Nani?

Harambee za vyombo vya muziki huku kwetu Songwe tunazijua. Mgeni rasmi amefika, keki imenadiwa, jogoo amenadiwa mara tatu na bado yuko hai. Mkulima wa kahawa kutoka Mbozi anaahidi kutoa msimu ukifika. Mama anayeuza ndizi pale mpakani Tunduma anafungua pindo la kitenge, anatoa elfu tano yake bila kelele. Mwenyekiti anasoma orodha: kinanda kimoja, spika mbili, mikisa, gitaa la solo, gitaa la besi. Makofi.

Nimezisikiliza orodha hizo nyingi, Tunduma, Vwawa na Mlowo, na hata hapa chuoni kwenye vikundi vyetu. Sijawahi kusikia neno "nyuzi" likisomwa. Ni kama vile nyuzi zinaota zenyewe kwenye gitaa, kama nywele kichwani.

Matokeo yake tunayaona. Baada ya miaka miwili au mitatu gitaa lile lile lililopigiwa makofi limening'inia ukutani, uzi mmoja haupo, mitatu iliyobaki imeota kutu. Ukiuliza unaambiwa "gitaa limeharibika". Halijaharibika. Mbao ni nzima, umeme wake ni mzima. Kilichokosekana ni kitu kinachoingia kwenye mfuko wa shati.

Hoja yangu ni hii: gitaa la besi liwe la kikundi, lakini nyuzi ziwe za mpigaji. Yeye azichague, azitunze, ajue zilifungwa lini na zitabadilishwa lini. Kikundi kimrudishie gharama, lakini kisimpangie. Na sisi wanachuo tunaopiga besi ndio tuanze, maana wengi wetu tumetoka kwenye kwaya hizo hizo na Desemba tukirudi nyumbani tunakabidhiwa magitaa hayo hayo.

Najua kuna mshikaji ameshacheka: bumu halijaingia, maji hosteli yamekatika, huyu anaandika habari za nyuzi! Nivumilie kidogo. Habari hii ina fedha za watu ndani yake, na ina kijana ambaye kipaji chake kinafungiwa stoo.

Tuanze na pale tulipo. Ukisimama Tunduma, Nakonde iko mbele ya pua yako. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na muziki haujawahi kugongewa muhuri wa pasipoti. Sasa jirani zetu wa Zambia wana muziki uitwao kalindula, uliokua sana baada ya Rais Kenneth Kaunda kuagiza, katika miaka ya 1970, kwamba redio ya nchi yake ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Jina hilo lilikuwa la ala kabla ya kuwa la muziki: kalindula ni besi ya kienyeji yenye uzi mmoja. Yaani muziki mzima umepewa jina la besi, mwimbaji na gitaa la solo wakaachwa nyuma. Ukivuka Ileje kuingia Malawi utakutana na ndugu yake, babatoni, boksi lenye mti mrefu na uzi mmoja, linalopigwa hadi leo.

Ninachopenda kwa wazee wale wa uzi mmoja ni kwamba mpigaji alijua uzi wake umetoka wapi. Ukikatika, alikwenda kutafuta waya mwingine, hata waya wa breki ya baiskeli, akaukaza, akausikiliza, usipomridhisha akatafuta mwingine. Hakuitisha kikao. Uzi ulikuwa wake, kwa hiyo na sauti ilikuwa yake. Sisi tumepata magitaa ya kiwandani yenye nyuzi 4 na 5, lakini uhusiano huo tumeupoteza. Muulize mpiga besi wa kwaya yoyote nyuzi zake ni za aina gani. Wengi watakujibu, "Nilizikuta."

Kwa nini uzi una uzito huo? Wenzetu wa fizikia wanalijua jibu tangu mwaka 1636, pale Mfaransa Marin Mersenne alipochapisha kanuni za uzi unaotetema. Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu wake, nguvu inayouvuta, na uzito wake kwa kila sentimita. Uzi wa E wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, wa G mara 98. Ili uzi wa chuma ushuke hadi kule chini bila kulegea kama kamba ya kuanikia nguo, lazima uwe mzito. Lakini waya mmoja mnene hivyo ungekuwa mgumu kama nondo, usingetetema vizuri. Ndiyo maana uzi wa besi una waya mwembamba katikati, halafu umezungushiwa waya mwingine juu yake. Uzito unaongezeka, ulaini unabaki.

Kule kuzungushiwa ndiko kunakoleta ugonjwa. Kati ya mzunguko na mzunguko kuna vijifereji, na humo huingia jasho, mafuta ya vidole na vumbi. Sisi wa Tunduma vumbi la malori tunalijua, hatuna haja ya kufundishwa. Uzi wa gitaa la solo ukichoka hukatika, kila mtu akasikia "twang!" na akajua kuna tatizo. Uzi wa besi ni nadra kukatika. Unakufa kimyakimya. Kwanza unapoteza ile sauti ya juu inayoufanya usikike kwa uwazi, kisha unapoteza urari: ukiukaza sawa pale mwanzo wa shingo, ukipanda freti ya 7 au ya 12 unatoka nje ya noti, kwa sababu uchafu na makovu ya freti yameufanya uwe mzito huku na mwepesi kule. Kwaya inaanza kuimba juu ya besi iliyopinda, halafu anayelaumiwa ni sauti ya nne.

Hapa ndipo fedha zinapoanza kupotea. Besi haisikiki, kwa hiyo fundi mitambo anaongeza sauti. Bado inaunguruma tu bila kueleweka, anaongeza tena. Amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake, sauti inakwaruza, na siku ya mkutano mkubwa spika inapasuka. Harambee nyingine inaitishwa, jogoo mwingine ananadiwa. Mama wa ndizi anatoa elfu tano nyingine kununua spika, wakati dawa ilikuwa seti ya nyuzi.

Na usiseme kwamba watu hawasikii tofauti. Wanaisikia hata kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kutoa mtetemo wa 41 hata ungeibembeleza. Unachosikia pale ni sauti za juu zinazofuatana na noti ile, kisha ubongo unajazia noti yenyewe. Uzi uliokufa hauna hizo sauti za juu. Kwa hiyo kwaya inarekodi video, inairusha, na besi inatoweka kabisa. Kijana amefanya mazoezi miezi mitatu na hakuna anayejua kwamba alikuwepo.

Sasa turudi kwenye swali la nani mwenye nyuzi. Mali ya wote, tunajua, mara nyingi haina mwenyewe. Gitaa kubwa linaonekana, likipotea watu watauliza. Nyuzi hazionekani, kwa hiyo hakuna anayeziuliza zikiwa hai wala zikifa. Mwenye vidole ndiye pekee anayejua kwamba uzi wa A umeanza kuzima. Lakini katika mfumo wetu, huyo anayejua hana mamlaka, na mwenye mamlaka hajui. Mpigaji anapeleka ombi kwa katibu wa kwaya, katibu anapeleka kwa mweka hazina, mweka hazina anauliza, "Kwani zilizopo zimekatika?" Hazijakatika. Ombi limeisha.

Viongozi wana hofu yao, na nimeisikia. Wanasema ukimpa kijana nyuzi ziwe zake, siku akinuna atazifungua Jumamosi usiku na Jumapili kwaya itabaki na ubao. Hofu hiyo nairuhusu, lakini haina nguvu sana. Mpigaji akinuna leo, anaacha tu kuja, na nyuzi za kikundi hazitajipiga zenyewe. Tena dawa yake ni nyepesi: kila seti inayotolewa ikiwa bado inafaa, ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha yake na ikae kwenye begi la gitaa kama akiba ya kikundi. Mpigaji akihama au akihitimu, anaondoka na seti yake, ya akiba inarudi kazini mpaka mwingine alete zake. Waandikiane hata nusu ukurasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyuzi ni mali.

Haya, tuseme nyuzi zimekuwa zako. Utachagua zipi? Naona wenzangu wengi wanachagua kwa rangi ya pakiti. Mimi ningeuliza maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni urefu. Besi nyingi tunazotumia zina inchi 34, takriban sentimita 86, kutoka kwenye daraja hadi pale shingo inapoanzia. Ndio urefu ambao Fender waliuweka kwenye besi yao ya mwaka 1951. Kuna besi fupi pia, za inchi 30. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kabla ya kulipa. Na usidanganywe ununue uzi mnene wa gitaa la solo eti ukae badala ya G. Unene unakaribiana kweli, lakini ule umetengenezwa kwa gitaa la inchi 25 na ushee. Utavuta, utavuta, na hautafika kwenye kigingi.

La pili ni aina. Kuna nyuzi za raundi na nyuzi za flati. Raundi zimezungushiwa waya wa duara, ukipitisha kucha unasikia mikwaruzo, na sauti yake ni kali na wazi. Hizi zilipata umaarufu Uingereza katika miaka ya 1960, kampuni ya Rotosound ilipofanya kazi na John Entwistle, mpiga besi wa The Who. Flati zimezungushiwa utepe bapa, ni laini kama uzi wa plastiki, sauti yake ni nene na ya upole, na zinadumu miaka. Kwa sebene na mapambio ya kuruka, ambako vidole vinakimbia na besi inajibizana na drams, mimi natetea raundi. Kwa kwaya inayoimba tenzi pole pole, au inayopiga pamoja na matarumbeta kama wenzetu wa Moravian, flati hazina mpinzani. Tena kama kikundi kinajua hakitanunua nyuzi tena kwa miaka mitatu, kinunue flati tu. Bei yake iko juu, lakini kifo chake kiko mbali.

La tatu ni unene. Pakiti inaandika 45-105 au 40-100. Hizo ni sehemu za elfu za inchi: 45 ni kama milimita 1.1, na 105 ni kama milimita 2.7. Nyuzi nene zinavuta zaidi, zina mwili, lakini zinahitaji vidole vilivyozoea. Anayeanza aende 40-100. Mwenye besi ya nyuzi 5 ahakikishe ule wa chini, B, una 125 au zaidi, la sivyo utakuwa unapepea bila noti. Na ukibadilisha unene, jua kwamba shingo nayo itahama. Seti ya nyuzi nne huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 85 hivi. Hiyo inazidi mfuko wa saruji wa kilo 50, na unavutwa usiku na mchana. Ukiona nyuzi zimepanda juu au zinakwaruza freti baada ya kubadilisha, mpelekee fundi anayejua kurekebisha chuma kilicho ndani ya shingo, usianze kukata daraja.

La nne ni madini. Nikeli iliyopakwa juu ya chuma ndiyo ya kawaida, inafaa karibu kila kitu. Chuma kisichoshika kutu kinang'aa zaidi kwa sauti na kinavumilia jasho, ila kinakula freti haraka. Mwenye vidole vinavyotoka jasho jingi aliangalie hilo.

Kuhusu kuzipata: Tunduma ni mji wa biashara, utapata spea ya lori lolote linalokwenda Lubumbashi, lakini nyuzi za besi mimi kila mara nimeagiza Dar zikaja kwa basi. Ndiyo maana nasisitiza seti ya akiba. Ukisubiri ziharibike ndipo uagize, Pasaka itakupita. Nyuzi bandia nazo zipo. Kampuni ya D'Addario imeendesha kampeni ya miaka mingi kupambana na bidhaa feki za jina lake. Seti halisi ya raundi huko Marekani huuzwa kama dola 20 hadi 30. Ukiuziwa kwa bei ya soda mbili, umenunua pakiti.

Kuna hoja moja ambayo wapiga besi wenyewe hunirushia, na ni nzuri. Wanasema James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, hakuwa anabadilisha nyuzi mpaka ikatike, na bado dunia nzima inamwiga. Ni kweli. Lakini Jamerson alipiga flati nene za La Bella, kwenye besi yake mwenyewe, na sauti ile ya kuzima ndiyo aliyoitaka. Alichagua. Anayepiga nyuzi za raundi zilizokufa kwa sababu alizikuta, hajachagua chochote. Kati ya ladha na uzembe kuna uamuzi, na uamuzi unafanywa na mwenye mali.

Kwa ambao mfuko hauruhusu, kuna njia za kuongeza siku. Nawa mikono kabla ya kushika gitaa, hasa kama umetoka kula chipsi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza, juu na chini. Raundi zilizozima unaweza kuzifungua, kuzichemsha kwenye maji dakika 5 hadi 10, kuzikausha kabisa na kuzirudisha. Kuziloweka kwenye spiriti ni bora zaidi, mbali na moto tafadhali. Zitafufuka kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, inatosha kwa tamasha moja. Usifanye mchezo huo kila wiki, kwa sababu kila ukifungua na kukaza chuma kinachoka.

Sasa naomba niwageukie viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, hasa wizara ya michezo na burudani, pamoja na viongozi wa vikundi vya ibada hapa chuoni. Katika bajeti ya semista ijayo wekeni mstari mmoja: nyuzi, seti moja kwa kila besi. Mpigaji anunue anazotaka kwa kiwango kilichopangwa, alete risiti, arudishiwe. Kuwe na daftari lenye tarehe, aina na jina lake. Kabla ya kununua gitaa lingine lolote, nunueni nyuzi za yaliyopo. Nina hakika yale mawili yaliyo stoo yatashuka ukutani na kuanza kuimba.

Na wewe mpiga besi mwenzangu usisubiri bajeti. Weka akiba kidogo kila bumu likiingia, nunua seti yako, iandike jina. Likizo ikifika na umekaribishwa kwenye kwaya ya nyumbani, iwe Tunduma, Mlowo au Isongole, beba bahasha yako kwenye begi. Funga nyuzi zako, piga ibada, ukiondoka warudishie zao. Wakiuliza mbona leo besi imesikika, waambie bei. Huo ndio mwanzo wa neno "nyuzi" kusomwa kwenye harambee.